Kati ya vita na daraja sisi tuliishi

Makala yenu ya historia ya Mwanza tangu Uhuru nimeisoma yote, asanteni. Ila imeruka kutoka Vita vya Kagera hadi Daraja la Kigongo–Busisi, kana kwamba hapo katikati tulilala.

Kwetu Kirumba hapo katikati ndipo penyewe. Baba mdogo alikwenda vitani na mgambo, akarudi salama, lakini madukani hakukuwa na kitu. Mama alipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza 1983, jirani mwenye duka alitupa doti za khanga ziwani usiku. (Ziliopolewa. Waliozivaa wanajijua.)

Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu ya sangara. Kaka zangu wakaacha pamba ya babu kule Kwimba, wakashika nyavu. Minofu ikaenda Ulaya, sisi tukala mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Ulaya walipozuia samaki wetu mwishoni mwa muongo huo, kaka mkubwa alibaki na deni la injini ya mtumbwi, ila nyumbani tulikula sangara mzima, mnono, hadi tukamchoka.

Kuhusu kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, sina maneno mengi. Shangazi alipandia Kemondo. Makaburi yako Igoma.

Daraja ni zuri, Busisi tunavuka bila kusubiri kivuko. Lakini sehemu ya pili mkiiandika, anzieni soko la samaki la Mwaloni, kwa akina mama wa dagaa.