Aliyekomaa Kihisia Huambiwa Ukweli Mapema

Ukitaja ukomavu wa hisia, wengi humfikiria mtu mpole, asiyepandisha sauti, anayemeza kila anachotendewa. Mimi naona faida yake kubwa iko kwingine. Mtu aliyekomaa kihisia huambiwa ukweli mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochunguza, maelezo yaliyoonekana kuwa na mashiko ni kwamba huko watu walithubutu kusema walipokosea. Palipo na kiongozi mkali, makosa yalifichwa. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Hospitalini methali hiyo si mafumbo tena.

Nenda ofisi yoyote utaliona jambo hilohilo. Kijana anasimama mlangoni, karatasi mkononi: "Samahani bosi, ile ripoti tuliyompelekea mteja asubuhi, jumla haiko sawa." Hapo kuna sekunde mbili tatu tu. Bosi mmoja atapiga meza na kuuliza ni nani kafanya upuuzi huo. Mwingine atavuta pumzi na kusema, "Asante kwa kuniambia. Ameshaifungua?" Wote wawili wamekasirika, tena wana haki ya kukasirika. Huyu wa pili huenda baadaye akakaa na kijana na kumuuliza kwa uzito kabisa kwa nini hakuhakiki hesabu zake. Lakini wa kwanza, siku kosa lingine likitokea, atalisikia kwa mteja. Wasaidizi wake watakuwa wameshajifunza kunyamaza.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mtoto anayejua kwamba akivunja kitu atapigiwa kelele mpaka atetemeke, hujifunza kuficha vipande. Mwenza anayejua kwamba kila neno litageuka ugomvi, huacha kueleza kinachomuumiza, na ile nyumba inayoonekana tulivu inakuwa na watu wawili wasiojuana.

Ila tusichanganye mambo: kukomaa si kumeza. Mwaka 1993 watafiti wa saikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, wakawaambia baadhi yao wasionyeshe hisia yoyote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini baadhi ya dalili za msisimko mwilini ziliongezeka. Anayekaa kimya huku moyo unachemka bado anaibeba hasira yake yote.

Kinachosaidia zaidi ni kuitambua hisia na kuitaja. Mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipotaja kwa maneno hisia waliyoiona kwenye picha ya uso, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, ilipungua. Naamini ndiyo maana sentensi kama "nimeudhika kwa sababu mmeamua bila kunishirikisha" hufanya kazi ambayo kubamiza mlango hakuwezi kuifanya. Anayeisikia anajua tatizo ni nini na anaweza kulijibu. Mlango uliobamizwa unajibiwa vipi?

Kuna jambo linaloniudhi hapa, na nitalisema wazi. Siku hizi neno "komaa" limekuwa fimbo. Mfanyakazi akilalamika kwamba anafanya kazi za watu watatu, anaambiwa akomae. Anayedharauliwa mbele ya wenzake akisema ameumia, anaambiwa ajifunze kuzitawala hisia zake. Huo si ukomavu, ni kumnyamazisha mtu. Mwenye madaraka ndiye anayepaswa kudaiwa ukomavu kwanza, maana hasira yake ina gharama kubwa zaidi: hasira ya mdogo huishia kwake, ya mkubwa huziba midomo ya idara nzima.

Hata hivyo, tunapopandisha watu vyeo tunaangalia vyeti, uzoefu na mauzo. Ningekuwa kwenye jopo la usaili wa mameneja, ningeuliza swali moja kabla ya mengine yote: mara ya mwisho mtu aliye chini yako kukuletea habari mbaya ilikuwa lini, na ulimjibu nini? Anayesema haijawahi kutokea, nisingempa timu.