Thamani ya Bustani ya Jiji: Tunamhesabu Nani?

Halmashauri ya jiji inapokaa kupanga bajeti, soko huja na makadirio ya ushuru, stendi huja na mapato ya mwaka, bustani ya umma huja na maneno matamu tu. Hapo ndipo wanaotaka burudani ya bustanini ipimwe kwa fedha wanapokuwa na hoja nzito. Kisicho na tarakimu huonekana cha bure, na eneo linaloonekana la bure ndilo la kwanza kumegwa.

Mbinu za kupima zipo. Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliiandikia mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani akipendekeza kwamba gharama za mgeni kufika hifadhini zitumike kukadiria faida anayoipata. Wazo lina akili: aliyelipa nauli na kutumia nusu siku njiani ameshaonyesha kwa vitendo anapathamini vipi.

Lakini mbinu hiyo ilibuniwa kwa hifadhi za mbali. Katikati ya jiji, mama wa mtaa wa pili huvuka barabara kila jioni, hukaa kwenye benchi, na mwanawe hukimbia kwenye nyasi mpaka giza liingie, kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja. Nauli yake ni sifuri. Wachumi watajibu kwamba hesabu haiishii kwenye nauli: wa karibu hulinganishwa na wa mbali ili kujua angekuwa tayari kulipa kiasi gani. Ni kweli, ila karibu wote wakija kwa miguu, hakuna tofauti ya kutosha ya kulinganisha. Muda nao kwa kawaida hukadiriwa kwa sehemu ya mshahara, kwa hiyo saa ya kibarua huingia kwenye hesabu ikiwa rahisi kuliko saa ya meneja. Hata hojaji inayouliza “ungelipa kiasi gani?” hubanwa na uwezo wa mfuko wa anayejibu.

Kuna njia nyingine, ya kuangalia jinsi bei za nyumba zilizo jirani na bustani zinavyopanda. Birkenhead, Uingereza, bustani ilifunguliwa mwaka 1847, na mauzo ya viwanja vilivyoizunguka yalisaidia kurudisha gharama zake. Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wa bustani ya Central Park ya New York, naye aliitetea kwa kuonyesha jinsi ardhi jirani ilivyopanda thamani na kuliongezea jiji mapato ya kodi. Kwa mweka hazina hiyo ni habari njema. Kwa mpangaji, tarakimu ileile ni notisi ya kuhama. Tena Central Park yenyewe ilijengwa baada ya wakazi wa Seneca Village, makazi yaliyokuwa kwenye eneo hilo, wengi wao Wamarekani weusi, kuondolewa kufikia mwaka 1857.

Pamoja na hayo, siungi mkono wanaotaka tarakimu zitupwe. Bustani isiyo na hesabu hushindwa mapema mno mbele ya mwekezaji mwenye michoro mizuri. Ila makadirio yachukuliwe kama kiwango cha chini, na kila ripoti ieleze wanaotumia bustani wanatoka mitaa gani, wana kipato gani, wanakuja mara ngapi. Na bei za nyumba zilizopanda ziandikwe safu mbili: faida ya mwenye nyumba, na nyongeza ya kodi ya pango kwa mpangaji.