Kyubiti na vyuo vya Kenya: jokofu hapana, kufuli ndiyo

Je, vyuo vikuu vya Kenya kama Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega na Egerton pale Njoro vijitose katika utafiti wa kompyuta za kwantamu, au viwaachie Marekani na China? Wapo wanaouita anasa. Siafikiani nao, ingawa nusu ya hoja yao haina jibu.

Biti ya kompyuta ya kawaida ni sufuri au moja. Kyubiti, biti ya kompyuta ya kwantamu, inaweza kuwa mchanganyiko wa hali hizo mbili hadi ipimwe, na zikifungamana kadhaa huwezi kueleza hali ya mojamoja peke yake. Hali hiyo ni dhaifu mno. Kyubiti za Google na IBM hukaa kwenye baridi ya karibu nyuzi 273 chini ya sufuri, kwani joto kidogo tu huvuruga hesabu. Chuo kinachowasha jenereta kila stima ikipotea kiliache jokofu la aina hiyo. Hapa wapinzani wameshinda.

Wana pia haki ya kucheka majigambo. Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba chipu yake ya kyubiti 53 ilitumia sekunde 200 kwa hesabu ambayo kompyuta kuu, ile ya kawaida yenye nguvu kubwa kabisa, ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM ikajibu: siku mbili na nusu zinatosha. Na hesabu yenyewe haikuwa na faida kwa benki wala kwa mkulima wa mahindi.

Hoja ya anasa inakwama kwenye siri zetu. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingepata upesi vigawo tasa vya namba kubwa. Ugumu wa kazi hiyo ndio msingi wa RSA, mojawapo ya kufuli kuu za intaneti. Mashine hiyo bado haipo: Willow, chipu ya Google ya mwaka 2024, ina kyubiti 105 tu. Ila makadirio yanashuka. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walisema kuvunja RSA ya biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 Gidney akasema chini ya milioni moja.

Mwizi hahitaji kusubiri. Anaweza kunasa data leo, aiweke, aje aifungue baadaye. Namba ya siri ya M-Pesa utaibadilisha. Majibu ya kipimo cha VVU yaliyotumwa kutoka zahanati ya Kisumu hayabadilishwi, na mwenyewe angetaka yabaki siri hata miaka 30 ijayo.

Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji, yaani ufichaji wa data kwa hesabu, uliobuniwa kuhimili kompyuta za kwantamu. Kuvipachika katika mifumo ya hospitali, sako na kaunti ni kazi ya hisabati na programu. Anayetaka kugusa kyubiti zenyewe, IBM imeziweka kwenye wingu, yaani hutumika kupitia intaneti, tangu 2016.

Kwa hiyo ningeanza na kozi ya usimbaji, aljebra ya mstari ikiwa imekazwa vilivyo, kabla ya mtu yeyote kuzindua “kituo cha kwantamu” kwa utepe na hotuba. Gharama ipo hata hapo: mhadhiri atakayeifundisha ataondolewa darasa jingine, katika vyuo ambavyo migomo ya mishahara imekuwa karibu sehemu ya kalenda. Mimi ningemtoa. Mkuu wa idara mwenye wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza huenda asikubali, na sitamlaumu.