Siku Niliyopeleka Mishumaa Kilindini

Mwaka niliomaliza chuo, rafiki yangu alinidokezea kazi kwenye kampuni moja karibu na bandari ya Kilindini. "Ni ship chandler," akasema, kisha akadandia matatu akaniacha na neno lake. Ship naijua, ni meli. Chandler ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nikafungua kamusi ya marehemu babu, ile isiyo na jalada. Ikajibu bila kusita: chandler ni mtengenezaji au muuzaji wa mishumaa. Basi! Wanauzia meli mishumaa. Wala sikujiuliza meli yenye jenereta kubwa kuliko nyumba yetu itake mishumaa ya nini. Mtu akikosa kazi muda mrefu, maswali mengine huyapisha.

Nikakopa dukani dazeni mbili, nisiende mikono mitupu. Nikaitia kwenye mfuko mmoja na vyeti vyangu, nikakaa mbele na dereva, mfuko juu ya dashibodi. Sasa piga hesabu: Mombasa, Februari, saa saba mchana, foleni ya daraja la Nyali.

Aliyenipokea ni mzee wa kofia na miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kazi yetu waijua?"

"Naijua sana! Baharini usiku giza ni zito, na baharia bila mwanga..." Nikahubiri dakika nzima, nikimwona akikunja uso kidogo kidogo. Nikaona nimalize kwa vitendo. Nikatia mkono mfukoni nitoe mshumaa mmoja.

Ikatoka yote. Ilikuwa imepinda kama ndizi mkono wa tembo, imegandana, na katikati yake kimekumbatiwa cheti changu cha kidato cha nne.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaita ofisi nzima. "Njooni, kuna kijana kaleta bidhaa!"

Walipomaliza kucheka ndipo nikaelezwa. Meli ikifunga gati, hutoa orodha: mchele, nyama, vitunguu, kamba, rangi, mifagio, hata dawa. Kuvitafuta vyote na kuvifikisha kabla haijang'oa nanga ndiyo kazi ya chandler.

"Lakini kamusi haikukudanganya," mzee akasema. Zamani Uingereza chandler alikuwa wa mishumaa kweli, neno lenyewe limetoka Ufaransa. Wale wa mishumaa ya shahamu wakaongeza sabuni, siki na mafuta, duka likajaa, jina likabaki lile lile hadi likafika kwa wanaohudumia meli. Baadaye nilisoma kwamba London wauza mishumaa walikuwa na vyama viwili: wa shahamu walipewa hati ya mfalme mwaka 1462, wa nta mwaka 1484. Ningelisoma mapema!

"Na kwenu taa ile ya kuning'iniza mwaiitaje?"

"Kandili."

"Ehe! Sisi tumelipata kwa Waarabu, qindil, nao likawafikia kupitia Wagiriki. Asili yake ni Kilatini, candela. Chandler nayo mzizi wake huo huo. Waja kutuuzia neno ambalo babu zako walikuwa nalo."

Akajaribu kukibandua cheti changu kwa ukucha, akashindwa. Akakiinua kwenye mwanga. "Hiki hata kikianguka baharini hakilowi. Jumatatu njoo stoo."

Jumatatu nikaenda, nikakabidhiwa magunia ya vitunguu niyahesabu. Hakuna aliyeniuliza jina langu. Wote walikwisha kuniita Kandili.