Bosi Alizama Kabla ya Nguzo

Kama hujawahi kuona nguzo ya mti ya mita 6 ikiingia ardhini yenyewe bila kugongwa nyundo, ngoja nikueleze kwanza, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini tulicheka wakati mtu mzima anapiga kelele. Unachukua bomba refu la chuma ambalo mdomo wake umebanwa ukawa mwembamba, unaliunga na mpira wa pampu, unalisimamisha ubavuni mwa nguzo mpaka kwenye ncha kule chini, halafu unafungulia maji. Maji yanatokea chini yanapanda kandokando ya nguzo na njiani yanazitenganisha chembe za mchanga, sasa ule mchanga uliokuwa mgumu wa kuchimba na sururu unakuwa wa kumiminika kabisa, nguzo inashuka kwa uzito wake huku nyie mnaizungusha kidogo kushoto kidogo kulia. Ukifunga maji chembe zinakaa tena, zinabana, na hapo hata mje kumi hamuing'oi. Ila ni kwenye mchanga tu. Kwenye mfinyanzi utapata tope la kunata, na kwenye kokoto yale mawe makubwa yanabaki chini yanakuzibia njia.

Sisi tulikuwa tunajenga gati dogo la boti ufukweni, miguu yote ya mbao. Mwenye gati ndiye huyo ninayemuita Bosi, na tabu ya Bosi ni kwamba alikuwa amesoma. Si kwamba alisomea ujenzi, hapana, alisoma usiku mmoja kwenye simu halafu asubuhi akaja injinia.

Kitu cha kwanza alichokuja nacho ni mashine ya kuoshea magari. Ameiteremsha mwenyewe kwenye buti anatabasamu, anamwambia fundi wetu, "Mzee wangu, hiki kipampu chenu msukumo wake wa maji ni baa 3 tu, hii yangu inapita baa 100, leo tunamaliza kazi mapema." Mzee akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema haya tujaribu. Nadhani alishaona hakuna haja ya kubishana na mtu aliyebeba mashine yake mwenyewe. Tukawasha. Ile mashine ikatoboa mchanga tundu la kuingia kalamu, nguzo hata haikutingishika, ikasimama pale inatuangalia. Hapo ndipo Mzee akamueleza taratibu kwamba hii kazi haitaki maji makali, inataka maji mengi, mashine ya kuosha gari inatoa kama lita 8 kwa dakika wakati pampu ya inchi 2 inatoa karibu 500, na kinachonyanyua mchanga ni ule wingi wa maji yanayopanda juu. Yasipopanda juu bomba lenyewe litakwama huko huko. Bosi akasema ndiyo, ndiyo, hata mimi nilisoma hivyo. Mashine ikarudi kwenye buti.

Tukaendelea na pampu yetu. Timu ilikuwa hivi: Mzee ameshika bomba, Dogo yuko kwenye pampu, mimi na jamaa mwingine tuko kwenye mti wa kukingama, yaani ule mti unaoufunga kwa kamba kukatiza nguzo ili muwe mnaizungusha nao. Mimi pale niliwekwa kwa sababu ya mwili, wala sijifichi. Kuna jambo watu hawalijui, mbao zinaelea. Kwenye maji zinaelea, sasa kwenye mchanga uliolegezwa zinaelea zaidi, kwa sababu mchanga uliolowa uzito wake unakaribia mara mbili ya maji. Kwa hiyo nguzo ikishafika mbali chini inaanza kutaka kurudi juu, na lazima iwepo kitu kizito cha kuikandamiza mpaka maji yafungwe na mchanga ukae. Kitu kizito ndio mimi.

Siku ya tukio maji yalikuwa yamekupwa, bahari imerudi nyuma huko, tuna saa chache za kufanya kazi kabla hayajaanza kujaa. Nguzo imeshuka vizuri tu, imefika kama mita 4, mchanga kuizunguka unachemka, yaani unauona unapumua na kutoa mapovu. Bosi akatokea. Kofia ngumu nyeupe mpya, kibandiko bado kiko juu, suruali ya kupigwa pasi, viatu vya ngozi vinavyong'aa. Anataka picha. Anataka asimame pembeni ya nguzo mkono umeegemea hapo, aonekane yuko kazini.

Mzee akamwambia, "Bosi, hapo usisogee, hapo hakuna ardhi."

Bosi akaangalia, akaona mchanga, mchanga ni mchanga, ufukwe mzima umejaa mchanga. Akasema nachukua moja tu ya haraka. Akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, na ya pili haikuwa na mwisho.

Aliingia mpaka magotini bila hata sauti, simu bado ameinyanyua juu, na kwenye ile picha (maana ilipigwa, nimeiona) uso wake ni wa mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani. Halafu akajitahidi kutoa mguu mmoja, na kila aliyewahi kufanya hivyo anajua kwamba ukikazana kutoa mmoja unaukandamiza mwingine, akafika mapajani. Hapo ndipo sauti ilipokuja. "NAZAMAAA!"

Sasa Dogo. Dogo ni kijana mzuri, mchapakazi, lakini aliposikia bosi anazama akafanya kile ambacho akili yoyote ingekuambia ufanye, akazima pampu. Mzee akapiga ukelele "Usizimeee!" lakini injini ilishanyamaza. Na kama nilivyosema mwanzo, maji yakifungwa chembe zinakaa zinabana, na mchanga haubagui kwamba hii ni nguzo na huyu ni mwenye gati. Ukambana Bosi kama kizibo kwenye chupa.

Tukamvuta. Jamaa mwenzangu akaruka kutoka kwenye mti akamshika kwapani, Dogo akashika mkono, moja mbili tatu vuta, na kilichosogea ni shati tu. Bosi akaanza kulia kwamba mnaning'oa mabega. Mzee akasema acheni, mtamvunja. Na alikuwa sahihi kabisa, baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, mmoja wao Daniel Bonn, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba kuung'oa mguu kwenye mchanga wa namna hiyo kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde unahitaji nguvu ile ile ya kunyanyua gari la ukubwa wa kati. Na wavutaji wetu walikuwa wawili tu, mmoja analia machozi kuliko anayevutwa. Hao hao walionyesha pia kwamba mtu hawezi kumezwa mzima, mwili wetu ni mwepesi kuliko ule mchanga, utaishia kiunoni uanze kuelea. Mzee hakuwa amesoma hilo jarida lakini alimwambia Bosi maneno hayo hayo, "Hufiki mbali, tulia, utaishia kwenye mkanda." Haikumtuliza.

Kwa sababu sasa, bana, maji yalikuwa yameanza kujaa.

Si kwa kasi, yalikuwa yanakuja taratibu tu, wimbi dogo linafika, linarudi, linalofuata linafika mbele kidogo. Lakini Bosi aliyaona na akaanza kutuambia vitu vya ajabu, nani apewe gari, funguo za ofisi ziko wapi, na kwamba Dogo amemsamehe. Mzee akasema dawa ni moja, washa pampu, bomba liingie pembeni ya miguu yake, mchanga ulegee tena atoke mwenyewe.

Dogo akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikawaka, maji hakuna. Wakati anakimbia kuja kuvuta alijikwaa kwenye mpira wa kunyonyea, ukatoka majini, na ile valvu ya mwisho wa mpira ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasirudi ilikuwa imekwama na mwani. Kwa hiyo pampu imebaki na hewa tupu, na pampu ya aina ile haivuti hewa, lazima uijaze maji kwanza kwa mkono kupitia juu. Ndoo iko wapi? Ndoo tulikuwa tumeipeleka kwenye nguzo nyingine kule mbali. Dogo akazunguka mara mbili kama anayetafuta mlango, halafu akamkimbilia Bosi, akamvua kofia ngumu nyeupe kichwani bila hodi, akaenda kuchota nayo maji. Kibandiko kikaelea kikaenda zake.

Muda wote huo mimi nilikuwa wapi? Kwenye mti wangu. Hakuna aliyeniambia nishuke. Nguzo yenyewe haijakaa sawasawa, na Mzee alishasema toka asubuhi, hata kukitokea nini usiiachie nguzo. Nikabaki.

Pampu ikashika. Mzee akalishusha bomba katikati ya Bosi na nguzo, maji yakaanza kupanda, mchanga ukachemka upya, na Mzee anamuelekeza, "Lala chali, Bosi, lala kama unaogelea, chezesha miguu taratibu." Bosi na shati lake akalala kwenye tope. Na kweli, akaanza kupanda. Wote wanashangilia.

Tatizo ni kwamba mchanga ulilegea pande zote, na Bosi hakuwa peke yake aliyeanza kupanda. Nikasikia nguzo inatikisika chini yangu. Halafu nikaona vidole vyangu vya miguu haviko tena mchangani. Sisi tulikuwa wawili kwenye ule mti na mwenzangu ameshaniacha, sasa mimi peke yangu siitoshi nguzo iliyoamua kuelea. Nikapiga kelele "Mzeee, inapanda!" na Mzee bila kugeuka akajibu, "Ndiyo, anapanda, anapanda vizuri!"

Basi tukapanda, mimi upande huu, Bosi upande ule. Yeye alipotoka akagaagaa mpaka kwenye mchanga mkavu, wanamkumbatia, wanampa maji, na ni yeye Bosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia juu akauliza, "Na yule anafanya nini kule?"

Walinishusha, tukaipanga nguzo upya, safari hii watu wanne kwenye mti, Mzee akaishusha na maji mpaka karibu na mwisho, halafu akazima na kumalizia mita ya mwisho kwa nyundo, ndivyo inavyotakiwa ili ncha ikae kwenye mchanga usioguswa. Ikakaa imara.

Ndipo Bosi akaangalia miguu yake akaona kiatu kimoja. Akasema kingine kiko pale pale pembeni ya nguzo, si mbali, washeni kidogo tu mkitoe. Mzee akakataa katakata, kwamba ukirusha maji karibu na nguzo iliyokwishakaa unailegeza, kazi nzima inaharibika. Bosi akasema kile kiatu ni cha ngozi halisi, basi nitawakata kwenye malipo yenu. Mzee akafikiri kidogo, akasema sawa, kata, na sisi tutaandika kwenye hesabu saa moja ya pampu na petroli kwa kung'oa nguzo moja fupi yenye kofia nyeupe.

Tulilipwa zote.