Jumapili Ruksa kwa Wote

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya safari ya Uskoti. Cheo hicho nilivuliwa Jumapili moja ya mwezi Juni, saa 12 na dakika kumi asubuhi, kwenye nyasi za uwanja wa gofu wa St Andrews, mbele ya mzee mmoja wa Kizungu na mbwa wake. Mbwa peke yake ndiye aliyeonekana kunihurumia.

Tulikuwa wanne. Afande ni meja mstaafu, ndiye aliyetufundisha gofu pale Lugalo, na ukifundishwa gofu na Afande unajua kwamba ule si mchezo, ni kwata yenye mipira. Mama Mhazini alistaafu benki, na mpaka leo hapokei noti bila kuinyanyua juani. Ustadhi ni shemeji yangu, amemwoa dada, mtu mpole kuliko wote hadi pale mpira unapozunguka mdomo wa shimo ukagoma kuingia. Halafu mimi.

Mtanzania haendi mahali bila kamati. Tukaunda yetu kama ya harusi, alikosekana bibi harusi tu. Vikao tulifanyia baa moja ya Mwenge kila Jumamosi jioni, Ustadhi akinywa soda ya tangawizi kwa mrija, kaipa kaunta mgongo ili ajulikane wazi kwamba yupo kikazi. Ahadi zikatolewa, daftari likafunguliwa, na kila mwisho wa mwezi Mama Mhazini akatuma orodha kwenye kundi la WhatsApp: aliyelipa alama ya kijani, mdaiwa alama nyekundu. Miezi tisa mfululizo mimi nilikuwa mwekundu kama pilipili, lakini walinivumilia kwa sababu nilikuwa na kazi kubwa ya kupeleleza.

Na nilipeleleza kweli. Kikao cha pili niliwapa darasa. Niliwaambia kwamba viwanja vya kule pwani ya Uskoti vinaitwa links, na links ni ile ardhi ya mchanga iliyo katikati ya bahari na mashamba, haioti nafaka, inaota nyasi fupi na vichaka vya miiba. (Sisi tungepanda mihogo na minazi, tukawasahau kabisa watu wa gofu.) Niliwaambia mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliandika hati inayotambua haki ya wenyeji wa St Andrews kucheza gofu pale, yeye akaruhusiwa kufuga sungura wake humohumo. Kwamba mashimo ya uwanja wenyewe, Old Course, yalikuwa 22, mwaka 1764 yakapunguzwa kuwa 18, na ndiyo maana hata sisi Lugalo tunazunguka 18 hadi leo. Nikaongeza kwamba mwaka 1457 Mfalme James II aliwahi kuipiga gofu marufuku, maana vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde.

"Mfalme alikuwa sahihi," akasema Afande. "Endelea."

Sasa tufike pale nilipoteleza. Usiku mmoja umeme umekatika, simu imebakiwa na chaji asilimia tisa, nasoma habari za Old Course kwa haraka kabla giza halijawa giza la kweli. Nikaona kuna bahati nasibu: unajiandikisha, majina yanachezeshwa siku mbili kabla, ukishinda unalipa zaidi ya pauni 300 kwa kichwa, unacheza. Roho ikaniuma. Nikashuka chini kidogo, nikakuta sentensi moja tamu: siku ya Jumapili, Old Course huwa wazi kwa umma.

Simu ikazima. Mimi nikawaka.

Kikao kilichofuata niliingia kama mtu aliyetoroka na sanduku la hazina. Nikawaeleza kwamba ardhi ile ni ya umma, si ya tajiri wala ya klabu, na hilo ni kweli kabisa. Kwa hiyo, nikasema, siku sita wanawakamua wageni kwa bahati nasibu, siku ya saba wanawaachia wananchi. Jumapili ni ruksa kwa wote. Wahi asubuhi, simama kwenye foleni, piga mpira. Mama Mhazini akazidisha 300 mara nne, akageuza kuwa shilingi, akavua miwani, akaifuta, akanitazama kwa jicho ambalo hakuwahi kunitazama nalo tangu anijue. "Katibu," akasema, "leo nakuwekea kijani."

Afande peke yake aliuliza swali, na swali lenyewe likanisaidia. Alitaka kujua kama Jumapili huwa wanacheza kweli. Kisha akajijibu mwenyewe: yale mashindano makubwa ya gofu yanayoitwa Open, ya mwaka 2022, yalifanyika palepale St Andrews, na Cameron Smith alichukua kombe Jumapili, yeye aliangalia kwenye televisheni hadi mwisho. Hoja ikapita kwa makofi. Suala la uwanja lilituchukua dakika tano.

Suala la sare lilituchukua vikao vitatu. Maana fedha za ada ya uwanja zilikuwa zimeokolewa, na fedha iliyookolewa haikai. Tukashona mashati ya kitenge, Mama Mhazini gauni, na kofia nne za kitenge hichohicho, rangi ya machungwa yenye tausi wa bluu. Kilichobaki kikaenda kwenye hoteli iliyo karibu na uwanja, "ili tusichelewe foleni," kama nilivyoandika kwenye muhtasari. Muhtasari huo bado anao Mama Mhazini. Hataki kuufuta.

Safari sitaisimulia sana. Visa zilitoka, ndege iliruka, fimbo zilifika. Kutoka Edinburgh tulipanda treni, maana St Andrews haina stesheni tangu mwaka 1969. Unashuka mji unaoandikwa Leuchars kisha unapanda basi. Jina hilo mimi nilijaribu kulitamka kwa mkaguzi wa tiketi kwa namna nne, zote akatikisa kichwa. Ustadhi akainuka, akaichomoa ile "kh" kooni kama mtu anayesoma Khairati, akasema "Lukhaz". Mkaguzi akafurahi hadi akampa mkono. Ustadhi akakaa chini kwa unyenyekevu, akasema chuo cha Kurani kina faida zake.

Tulifika Jumamosi jioni, kama inaweza kuitwa jioni. Saa tatu na nusu usiku jua linang'aa bado, na Ustadhi yuko dirishani na udhu wake anasubiri magharibi kama anayesubiri mwendokasi Kimara. Nikateremka mapokezi kuulizia kifungua kinywa cha alfajiri. Yule binti akaniuliza kesho tunaenda wapi. Nikamwambia, kwa kujidai kidogo, kwamba kesho tuko Old Course.

"Pazuri sana Jumapili," akasema. "Hata mimi huwa nampeleka mtoto."

Nikapanda ngazi mbili mbili kwenda kuwaambia wenzangu kwamba mji huu hata watu wa mapokezi wanacheza gofu na watoto wao.

Asubuhi Afande alitupanga mstari saa 11 na nusu. Baridi ya bahari ya Juni ile kwetu hata Lushoto haina, na ukungu umelala chini kama moshi wa mkaa. Tukaandamana na mifuko yetu ya fimbo, tausi wanane wa kitenge vifuani, mpaka tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia kupiga, mbele ya lile jengo la mawe la klabu ya Royal and Ancient ambalo kila mcheza gofu analijua kwa picha. Foleni hakuna. Nikawageukia wenzangu, nikawaambia, "Mnaona? Tumewawahi."

Afande akavuta pumzi, macho yakamlengalenga, na mimi nakiri hata yangu. Akachomeka kile kijiti cha kuwekea mpira. Akaweka mpira mpya kabisa, aliouchora herufi za jina lake kwa kalamu ya wino. Akanyoosha mgongo kama anayepokea heshima ya gwaride. Akarudisha fimbo nyuma.

Mbwa mkubwa wa kahawia akatokea kwenye ukungu, akauchukua mpira, akaondoka nao.

Nyuma ya mbwa akaja mwenyewe, mzee mwenye koti la mvua. Nyuma yake mama anasukuma kigari cha mtoto. Nyuma yao vijana wawili na mpira wa kuchezea mbwa, mwanamke anakimbia mazoezi, na mbwa, mbwa, mbwa. Yule mzee akaomba radhi kwa ajili ya mbwa wake, akatazama fimbo, akatazama kofia, na pole pole, kwa adabu ambayo iliniumiza zaidi kuliko matusi, akatueleza. Jumapili hapachezwi. Uwanja unapumzika. Hubaki kuwa bustani ya mji, watu wanatembea, wanakaa na vikapu vyao vya chakula, wanatembeza mbwa. Uko wazi kwa umma, ndiyo. Kwa miguu.

"Lakini Open!" akasema Afande. "Cameron Smith!"

Mzee akasema mashindano makubwa kama yale hupewa ruhusa ya pekee. Akatutazama tena tulivyovaa, akauliza kwa nia njema kabisa kama sisi ni mashindano.

Kimya kile nakisikia mpaka leo. Nikajaribu kuokoa jahazi: basi Jumatatu! Mzee akatikisa kichwa. Majina ya Jumatatu yalishachezeshwa Jumamosi, yaani wakati sisi tuko kwenye treni Ustadhi anapongezwa kwa matamshi. Na Jumatatu usiku ndiyo ndege yetu. Afande alikuwa amekuja na cheti chake cha handikapu, yaani cha kiwango chake cha uchezaji, amekipitisha kwenye plastiki, kina mihuri miwili. Akakitoa mfukoni, akakisoma chote, akakirudisha.

"Katibu," akasema. "Kuanzia sasa wewe ni raia."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatupa amri ya kurudisha fimbo hotelini na kuripoti tena baada ya dakika kumi. "Kama hatuwezi kuupiga," akasema, "tutaukagua."

Tukaukagua. Shimo kwa shimo, tausi mbele, mbwa pembeni. Nakwambia ukweli, ule uwanja kwa macho ya anayetembea ni kitu kingine kabisa. Ardhi inapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia aliyelala. Grini nyingi, yaani zile nyasi laini zenye shimo, kila moja inatumika na mashimo mawili, wanaokwenda na wanaorudi. Na mashimo ya mchanga yamejificha mahali ambapo ukiwa na fimbo huyaoni mpaka umeshaingia. Yako 112. Afande aliyahesabu hadi 30 akachoka.

La shimo la 14 linaitwa Hell, yaani Jahanamu, na lina ukuta wa udongo unaokupita kimo. Afande akasema lazima alione kwa ndani. Ustadhi akakataa kata kata: "Mimi Jahanamu siingii hata kwa utalii." Afande akashuka. Kutoka ikawa hadithi, maana goti lake la kulia lilistaafu kabla yake. Tukamvuta kwa khanga ya Mama Mhazini, mimi na Ustadhi juu tunavuta, mtoto mmoja wa Kizungu anatushangilia, mbwa wawili wanatubwekea. Mama Mhazini alisimama pembeni akifuatilia usalama wa khanga.

Kwenye daraja la Swilcan, lile dogo la mawe la shimo la 18, kulikuwa na foleni hatimaye. Foleni ya picha. Tulipofika zamu yetu, watalii waliokuwa nyuma wakauliza kama sisi ni kwaya. Nilitaka kukanusha. Afande akasema ndiyo, akaanzisha wimbo wa mchakamchaka, tukaitikia, tukavuka daraja kwa mwendo wa pole tukipiga makofi. Tulipigiwa makofi mengi kuliko mcheza gofu yeyote siku hiyo, ingawa ni kweli hakukuwa na mwingine.

Jumatatu mchana, saa chache kabla ya basi, Mama Mhazini alitupeleka mahali alipopaona mwenyewe bila msaada wa katibu. Panaitwa Himalayas, ni nyasi zenye vilima vidogo vidogo, pa kusukumia mpira tu. Ni pa klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867, enzi ambazo mwanamke kuinua fimbo juu ya bega ilikuwa aibu, kwa hiyo wakapewa pa kusukumia. Mgeni analipa pauni chache. Mama Mhazini alilipia wote wanne, akachukua risiti, akaikunja mara nne. Halafu akatufunga sote. Afande alifungwa pia na msichana wa miaka kama minane aliyekuwa nyuma yetu, ambaye alimwambia asiinue kichwa mapema. Ni yale yale aliyotufokea sisi miaka sita.

Kikao cha tathmini kilifanyika Mwenge palepale. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kwa sauti. Kwenye mstari wa ada za viwanja palikuwa na ile risiti moja, na Mama Mhazini alipoifikia alinyamaza kidogo ili kila mtu aitafakari. Katibu mpya ni Ustadhi. Mimi ni mjumbe mwalikwa, nina haki ya kusikiliza.

Picha ya darajani Afande ameitundika sebuleni, imefunika ile ya gwaride lake la mwisho. Na watu pale Lugalo hawakomi kumuuliza: Afande, Old Course ulipataje? Hamtaji katibu. Anasimama wima, anakunja mikono nyuma.

"Nimemaliza mashimo yote 18," anasema, "na nimepoteza mpira mmoja tu. Huo nao ulichukuliwa na mbwa."