Matokeo Yarudi Jikoni

Siku ya kwanza ya utafiti wangu wa uzamili nilifika kambini Iten, mji wa wakimbiaji katika nyanda za juu za Kenya, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na mizani ya jikoni, daftari na kalamu mbili. Wanariadha walikuwa gizani wakifunga kamba za viatu. Kazi yangu mimi ilikuwa jikoni: kupima unga kabla haujaingia sufuriani, kupima ugali ukishaiva, kupima sahani ya kila mmoja, kisha kupima alichobakiza. Hata vijiko vya sukari katika vikombe vya chai nilivihesabu. Mama mpishi alinitazama siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwalimu, mwaka juzi walikuja wengine wakapima hivi hivi. Walisema nini?"

Sikuwa na jibu, wala hakuna aliyewahi kurudi kumwambia.

Siku hizi nafundisha lishe ya michezo na fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi mazoezini, na kila muhula wapo wanafunzi wanaoniuliza kama taaluma hii ina maisha. Wengi wamevutwa na Vienna, ile Oktoba 12, 2019, Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni, kilomita 42 na ushei, kwa saa 1:59:40 huku vinywaji vyake vimepangwa kwa hesabu. Wanaona mashine ya kukimbilia, barakoa ya kupima oksijeni, kompyuta inayochora mistari. Mimi huwaambia waanze na swali la yule mama. Msomi asiyeweza kulijibu bado hajamaliza kazi yake, hata kama jarida limekwisha kuchapisha makala yake.

Sayansi hii yenyewe ilianza vizuri kwa upande huo. Mwaka 1966 huko Sweden, watafiti Jonas Bergström na Eric Hultman walipanda baiskeli moja ya maabara, mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja upande huu, mwenzake upande ule, hadi miguu hiyo ikachoka kabisa. Kisha wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu, huku wakitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano kutoka miguu yote miwili. Ule uliofanya kazi ulijaza glaikojeni, yaani akiba ya wanga ndani ya msuli, kupita kiasi cha kawaida. Ule uliopumzika haukubadilika sana. Ushauri wa kula wanga kabla ya mbio ndefu una mizizi yake hapo. Miguu ilikuwa yao, na jibu likabaki kwao.

Kwetu miguu ilitolewa, jibu likasafiri. Bengt Saltin, mtafiti wa Sweden aliyefanya kazi na kina Bergström miaka ile ya 1960, alikuja na timu yake kuwachunguza wakimbiaji wa Kenya, na wengi wakamfuata. Siwalaumu hata kidogo, maana walitufundisha mengi. Nafurahi zaidi kwamba mwaka 2004 jina la kwanza katika utafiti mkubwa wa chakula cha wakimbiaji wetu lilikuwa la Vincent Onywera, msomi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akishirikiana na kina Yannis Pitsiladis waliokuwa Glasgow. Waliwafuatilia wakimbiaji kumi kwa siku saba. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga, mafuta asilimia 13.4, protini asilimia 10.1. Chai ya maziwa walikunywa zaidi ya lita moja kwa siku, kuliko hata maji matupu. Ugali na chai ya sukari, vitu ambavyo tumezoea kuviita chakula cha shida, vilikuwa vinatimiza viwango vya wanga na protini vinavyopendekezwa kwa mbio ndefu.

Katika utafiti huohuo ipo namba nyingine inayoninyima usingizi. Waliingiza wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku, ilhali makadirio ya walizotumia yalikuwa 3,605. Nimewasikia makocha wakiisema namba hii kama siri ya ushindi: Mkenya hukimbia akiwa na njaa, basi nanyi punguzeni. Huko ni kuisoma vibaya, tena kwa hatari. Wale walikuwa watu wazima, katika wiki moja ya mazoezi makali. Ukimpa pengo kama hilo msichana wa miaka kumi na sita, mwezi baada ya mwezi, hedhi hukoma, mifupa hudhoofika, na muundi hupata ufa ambao kocha atauita uvivu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi mwaka 2014, upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Jina hilo limefika kambi ngapi za wasichana? Ningependa kila mwanafunzi wangu wa uzamivu aanzie hapo, kwa sababu wakimbiaji wetu wanaume wamepimwa sana na wasichana wamepimwa kidogo mno.

Chukua madini ya chuma. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, figo hutoa homoni zaidi ya kuuamsha uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinadai chuma. Msichana anayepoteza damu kila mwezi anadaiwa zaidi. Chuma chake kinatoka kwenye maharagwe, managu na sukuma wiki, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa taabu, hasa kikikutana tumboni na tanini za majani ya chai. Kwa hiyo chai ya saa nne asubuhi, baada ya mazoezi, pamoja na mkate, ni dawa: inarudisha wanga na kuongeza protini. Chai inayoshushia maharagwe ya usiku ndiyo ya kuchelewesha kwa saa moja au mbili, na mahali pake pakae chungwa. Badiliko hili halidai mashine wala ruzuku, ila mtu wa kwenda kulisema jikoni kwa Kiswahili, halafu arudi baada ya miezi mitatu kupima feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini.

Na mtu huyo hana ajira. Chuo nilichoanzia kazi kilihesabu makala kwa alama nikiomba kupandishwa cheo. Jioni zangu zote kambini hazikuwa na safu katika fomu. Ukihesabiwa hivyo kwa miaka kumi, utajifunza kuandikia majarida tu. Sitaki makala ziachwe. Nataka fomu iwe na safu ya pili: matokeo yalirudishwa kwa nani, lini, na nini kilibadilika. Kamati za maadili nazo zinaweza kudai hivyo kabla ya kuidhinisha utafiti.

Pengo hili halikai tupu. Mkimbiaji mwenye damu hafifu na uchovu usioisha atatafuta msaada, na asipompata mtaalamu wa lishe atampata muuza sindano. Kenya ilianzisha wakala wa kupambana na dawa za kusisimua misuli, ADAK, mwaka 2016, na kila adhabu inapotangazwa tunaona aibu pamoja. Mimi hujiuliza kama miaka miwili kabla ya sindano kuna mtu aliyemkalisha kijana yule chini akamuuliza anakula nini.

Nilirudi kwa yule mama, nimechelewa kwa miezi saba, na ukurasa mmoja mkononi. Sikuandika kilokalori. Niliandika vikombe, miiko na sahani. Nikamweleza kwamba kwa hesabu yangu vijana wake walikuwa wakila pungufu ya wanachotumia. Akausoma polepole, kisha akauliza, "Na mkate wa jioni uliupima wapi?" Mkate gani, mama? "Wa pale dukani. Wakitoka mazoezi ya saa kumi wanapitia na maziwa. Hawali hapa, wewe ungeuonaje?"

Sehemu ya pengo langu ilikuwa pale dukani, mita mia mbili kutoka kwenye mizani yangu, na msimamizi wangu hakuijua, wala waliopitia tasnifu yangu. Niliomba nafasi ya kusahihisha sura ya nne. Katika utafiti uliofuata mama mpishi alilipwa kama mmoja wa wakusanya data, na mwenye duka naye alipewa daftari.